Mwaka wa Kukata Maneno

Hakuna kitu kinachoweza kunishtua mimi. Nimewahi kuibiwa mashine nzima ya kuchapia, ikapakiwa kwenye lori mchana kweupe na majirani wakasaidia kusukuma wakidhani nahama, na niliposikia nikacheka. Shule niliishia darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nililimaliza kwa huruma ya mwalimu mkuu, lakini leo vijana wenye digrii zao wananiamkia na kuniuliza, "Mzee, mbona rangi hii inatoka imefifia?" nami nawajibu bila kuinuka kitini. Kwa hiyo simu ilipolia, na sauti ya mtoto wa Mzee Sudi ikasema, "Kaka Maganga, Baba ametangulia mbele ya haki, tunazika baada ya alasiri," sikushtuka. Mzee alikuwa amekula chumvi ya kutosha. Nilifunga ofisi, nikaenda Mtendeni, nikatupia udongo wangu, nikatoa rambirambi ya mtu mwenye uwezo. Kilichonikaa vibaya kilikuja baadaye. Familia iliniomba niwachapie vijitabu vya Yasini kwa ajili ya hitima, nami nikasema kazi hii haiguswi na kijana yeyote, nakaa mwenyewe. Nikaandika jina la marehemu juu ya ukurasa, na kompyuta ikalipigia mstari mwekundu chini yake. Najua, inayapigia mstari majina yetu yote, inadhani tulikosewa tangu kuzaliwa. Lakini nilitoa mikono kwenye vitufe nikakaa tu, feni ikizunguka. Pale ofisini hakuna anayejua kwamba palikuwa na wakati, katika mji huu huu wa Tabora, mashine ya namna hii ilijua Kiswahili, na aliyeifundisha ndiye huyo ambaye sasa ilikuwa inamsahihisha.

Mwaka ninaousema, Mkuu wa nchi alikuwa ameshang'atuka, sukari imeanza kurudi madukani kwa bei ya wenye nazo, lakini Ujamaa ulikuwa bado umetundikwa ukutani na kuandikwa kwenye kila barua. Kila mtu alikuwa Ndugu, hata anayekutafuta akugombeze. Mimi nilikuwa nimetoka Igalula na mashati mawili, nikapata kazi kwenye ushirika wa mafundi chapa, hapo hapo Mtendeni. Ilikuwa nyumba kongwe ya udongo, kuta nene kama za ghala, iliyojengwa na mfanyabiashara wa enzi za misafara. Mlango wake mzito ulifunguliwa kwa bega. Katika ukumbi wa mbele palikuwa na mashine ya kuchapia iliyopiga kelele kama mtu anayetwanga mawe, na masanduku ya herufi za risasi yaliyogawanywa vyumba vidogo vidogo, kila herufi na kibanda chake. Mbele ya masanduku hayo alisimama Mzee Sudi, mpangaji mkuu wa herufi, kofia ya kiua kichwani, kibati cha kupangia mkononi, akiokota herufi moja moja bila kuzitazama, kama mwanamke anayechambua mchele huku anapiga soga. Na soga alipiga. Sijakutana na mtu mwenye kujisifu kama Mzee Sudi, na wenye kujisifu nawajua wengi, pamoja na yule ninayemnyoa ndevu kila asubuhi. "Babu yangu," alikuwa akisema, "kaenda Bagamoyo na kurudi kwa miguu, jino la tembo begani, na hakuna aliyemsikia akiguna. Mimi nimesimama hapa tangu wakati wa Mwingereza. Mwingereza kaondoka. Mimi nimesimama."

Mchana kazi ilisimama kwa ajili ya chakula. Bi. Mwamvua, mjane wa nyumba ya jirani, aliingia kwa mlango wa uani na sinia kubwa: ugali wa udaga wa muhogo, mboga ya nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa, yamepikwa kwa karanga mpaka yanang'aa, na Ijumaa nyama. Tulikula chini, juu ya mkeka, wote sinia moja, mwenyekiti wa ushirika na mfagiaji pamoja. Wageni kutoka mkoani walidhani ni siasa ya Ujamaa, wakatusifia. Mzee Sudi alikuwa na maelezo yake mengine. Alisema kwenye msafara, waliochangia chungu ndio walioitwa kambi moja. Mmoja wao akishikwa na homa njiani, wa chungu chake ndio walimbeba. "Na anayejipikia peke yake?" nilimuuliza siku yangu ya kwanza, mdomo umejaa. "Huyo ni ama mwizi ama mgonjwa," alisema, "na wote wawili huachwa njiani. Sogea hapa, unakula kama mgeni." Nikasogea, goti langu likagusa goti la Nassoro, fundi wa kubandika picha, mtu wa mizaha, ambaye alinimegea kipande chake cha nyama akasema, "Kula, Mnyamwezi, usije ukatuangukia ukasema kwetu hakuna chakula." Mjini sikuwa na mtu. Chumba nilichopanga kilikuwa na mkeka, ndoo, na taa ya chemli isiyokuwa na mafuta siku nyingi. Maongezi yangu ya siku nzima yalikuwa yale ya kwenye sinia. Nje ya pale ningeweza kumaliza wiki sijasikia mtu akilitaja jina langu.

Kompyuta ililetwa na marafiki wa ushirika kutoka Ulaya, pamoja na kijana wa Kizungu wa kutufundisha. Mwenyekiti wetu, Ndugu Kasubi, mtu mpole aliyekuwa akiogopa mikutano kuliko nyoka, alituuliza nani atajifunza. Watu wakaangalia vidole vya miguu yao. Nikasema, "Mimi." Sikujua hata inawashwa wapi. Ndivyo nilivyoishi siku zote: kwanza nasema naweza, halafu naenda kujifunza nyuma ya nyumba. Stoo ya karatasi ikafagiliwa, ikatengwa na ukumbi kwa ukuta wa mbao nyembamba, pazia la kitenge likatundikwa dirishani kuzuia vumbi, viatu vikawa vinavuliwa mlangoni, na chakula kikapigwa marufuku humo ndani. Palikuwa na meza, kompyuta yenye kioo kidogo kama dirisha la kukatia tiketi stesheni, na mimi. Yule kijana alipoondoka aliniachia kitabu kinene cha Kiingereza, nacho nilikitumia kikamilifu: nilikiweka chini ya kompyuta ili kioo kifikie macho yangu. Mengine nilijifunza kwa kubonyeza na kuona kitakachotokea.

Programu yenyewe ilikuwa ya kupanga kurasa. Kazi ya ukumbi mzima, ya watu wanaookota herufi, kufunga kurasa kwa kamba na kubandika picha, ilifanywa juu ya kile kioo kwa kusogeza kidude kilichoitwa kipanya. Mzee Sudi alikuja kuchungulia akiwa amesimama mlangoni, viatu miguuni, hakukanyaga ndani. "Kwetu panya anategewa mtego," alisema. "Nyinyi mnamfuga." Lakini toleo lile la kwanza lilikuwa changa, bado linatambaa. Ukiongeza maneno ukurasa wa kwanza, ya mwisho yalidondoka chini na kupotea, ukayatafute mwenyewe. Kurasa zikizidi kidogo lilikataa, ukikate kijitabu vipande. Vichwa vya habari vilitoka na meno kama msumeno, kwa hiyo Mzee Sudi alivipanga kwa risasi, herufi nene nyeusi za fahari, na Nassoro akavibandika. Nilikuwa nawahitaji wote, nao walijua, na wakawa wanani­tania kwa raha zao. Mimi nikiwa nimejifungia, niliwasikia kupitia mbao kama niliyekaa katikati yao.

"Daktari yuko wapi?"

"Chumba cha upasuaji."

"Anampasua nani leo?"

"Panya. Kameza kijitabu cha pamba, wanatafuta ukurasa wa tisa."

Halafu sauti ya Bi. Mwamvua akitua sinia, na Mzee Sudi akigonga ukuta kwa kibati chake, ko ko, akiita, "Daktari! Toka, tusije tukakuzika na njaa." Nilikuwa nainuka kabla hajamaliza.

Toleo la pili lilifika kwa posta katika bahasha, visahani vya plastiki vilivyofungwa kwa sponji, pamoja na printa mpya iliyochapa kwa mwanga. Nililiingiza mwenyewe, bila kumuuliza mtu, na kufikia jioni nilikuwa najua yote liliyojifunza huko lilikotoka. Maneno sasa yalifuatana toka ukurasa hadi ukurasa kama mbuzi nyuma ya mchungaji. Kijitabu kizima liliweza kukibeba. Vichwa vya habari vilitoka laini, vyeusi, vya ukubwa wowote. Nilichapa kimoja, TUMBAKU NI UTI WA MGONGO, nikatoka nacho mbio ukumbini kumwonyesha Mzee Sudi. Alikipokea kwa mikono miwili. Alikipeleka kwenye mwanga wa mlango, akakipitisha kidole gumba kusikia kama herufi zimezama kwenye karatasi, kama zinavyozama za risasi. Hazikuzama. "Nzuri," alisema, akanirudishia. Mzee ambaye angeweza kuzungumzia kikombe cha chai mpaka kikapoa, alisema neno moja tu, kisha akawa anarudisha herufi nene kwenye vibanda vyao, moja moja, ingawa hazikuwa zimetoka.

Siku chache baadaye nilisikia sinia likitua, nikasikia watu wakinawa mikono, nikasubiri. Nilisikia Nassoro akisema kitu na watu wakicheka, lakini walicheka chini chini, na jina langu halikutajwa. Nilijiambia wamesahau. Kesho yake pia wakasahau. Siku ya tatu nilitoka mwenyewe, nikakuta sinia limekwanguliwa na watu wanachokonoa meno. Bi. Mwamvua alishtuka kuniona. "Ah, mwanangu, wamesema una kazi nyingi siku hizi, usisumbuliwe." Alikuwa ameniwekea sahani, imefunikwa na kawa. Nikala kwenye ngazi ya uani nikitazama kuku wake. Hakuna aliyenitukana wala kunifanyia ubaya. Waliniamkia asubuhi, wakaniaga jioni. Ila ukuta haukugongwa tena, na mimi, ambaye nilikuwa na ulimi wa kumuuzia mtu kivuli chake, nilishindwa kutoka na kusema, "Jamani, niiteni." Mtu haombi kuitwa. Ukiomba, si mwito tena.

Basi nikajitia kazini. Ndipo ikaja kazi ya jubilei ya parokia moja ya vijijini, kijitabu cha ibada na historia, chenye picha ya kila padre aliyewahi kupita pale. Toleo la pili lilikuwa na ufundi mwingine niliokuwa sijaujaribu: neno likiwa refu mwisho wa mstari, lilikata lenyewe na kutia kistari, ili mistari ikae sawasawa kama iliyopigwa rula. Nikawasha. Ukurasa ukanyooka, nikafurahi. Zamani Mzee Sudi ndiye aliyesoma kila karatasi kabla ya kuchapwa, lakini kwa hali ilivyokuwa sikuwa na namna ya kumpelekea, wala yeye hakuja kuuliza. Tukachapa, tukafunga, tukapeleka. Siku ya tatu padre mwenyewe alikuja na baiskeli, jasho linamtoka, kijitabu mkononi. "Tumsifu Yesu Kristo." Nikaitika, "Milele, amina." Akakaa, akajifuta, akafungua. "Ndugu Maganga, ukurasa wa saba unatuagiza jambo ambalo liturujia hairuhusu." Nikasoma. Mwisho kabisa wa ukurasa, mstari wa mwisho, palikuwa pameandikwa: *Baada ya Injili, waumini wote wataombwa kusimama na kunya-*. Ili upate lile *-maza* linalomalizia, na kujua kwamba ni dakika ya ukimya kwa ajili ya marehemu, sharti ugeuze ukurasa. "Katekista," alisema padre, midomo inamtetemeka, "anasoma polepole sana. Alifika hapo, akalamba kidole ageuze. Kanisa zima lilimsubiri."

Ukuta ule wa mbao ulipitisha habari pande zote mbili. Halafu Nassoro akalipuka, na wengine wakafuata, mashine ikazimwa kwa sababu aliyeiendesha, alipoelezwa sikioni, alikuwa amekaa chini. Nilikaa na uso wangu ukiwaka. Padre naye alishindwa, akaangua kicheko akishika rozari. Na hapo mlango ukafunguliwa, Mzee Sudi akainama, akavua viatu. Akaingia kwa mara ya kwanza tangu chumba kile kiwe chumba. "Nipishe nione," alisema. Akasogeza stuli, akavaa miwani yake iliyofungwa uzi, akatazama kioo. Tukakipekua kijitabu chote. Nyumba ilikuwa imekatwa *nyum-ba*. Mungu alikuwa *Mun-gu*. Ng'ombe alikatwa mara tu baada ya ng. "Ng'ombe hachinjwi puani," alisema Mzee Sudi. Kulikuwa na kitenzi kingine cha kufikisha kazi mwisho, ambacho jinsi kilivyokatwa siwezi kukuandikia hapa. Mwenye akili akikate mwenyewe ataona. Mzee alikitazama kwa muda, akamtazama padre, akasema taratibu, "Baba, mshukuru Mungu hilo halikuangukia mwisho wa ukurasa."

"Inakata Kiingereza," Mzee Sudi aliniambia baada ya padre kuondoka. "Haijui kwamba Kiswahili kinakatwa pale mdomo unapobaki wazi. Sema nyumba."

"Nyumba."

"Polepole, wewe, hukimbizwi. Nyu. Mdomo uko wazi au umefungwa?"

"Wazi."

"Basi kata hapo. Nyu-mba. Sasa sema lile neno la padre."

"Ku-nya-ma-za. Mbona hapo mdomo uko wazi, Mzee? Imekata sawa."

"Hapo pumzi inaruhusu," alisema, "adabu hairuhusu."

Programu ilikuwa na kikasha chake cha maneno, ambamo mtumiaji aliweza kuingiza neno na kulionyesha likatwe wapi. Mzungu alikuwa hajatuambia, nilikigundua mimi. Kuanzia wiki ile Mzee Sudi akawa anaingia kila asubuhi baada ya chai, anavua viatu, anakaa kwenye stuli, na tunaifundisha. Yeye anatamka, mimi naandika. Tulianza na maneno ya kanisani na msikitini, tukaenda ya shambani, ya barua za serikali, maana hizo ndizo zilizojaa maneno marefu yasiyokuwa na mwisho. Tulibishana kama mahakamani. Nikisema neno hili hakuna atakayelitumia, anasema, "Wewe hutumii, kwa sababu huna adabu." Siku moja alitaka tuingize Tabora. Nikamwambia, Mzee, Tabora ni neno fupi, haliwezi kukatwa. "Weka," alisema. "Isije ikakatwa." Kikasha kilikuwa na kiasi chake, kikajaa, tukawa tunatoa neno ili kuingiza neno, na kila linalotoka alilisindikiza kwa kusema, "Nenda salama." Akinichoka ananisimulia babu yake; nikimchoka namweleza nitakavyokuwa tajiri, na hakunikatiza. Aliniita mwanangu bila kujua kwamba ameanza. Na mchana, sinia likitua, Nassoro alikuwa akigonga ukuta kwa ngumi: "Madaktari! Wote wawili!" Tukatoka pamoja, nikakaa goti kwa goti. Sijui kama nimewahi kula vizuri kuliko msimu ule, na siku hizi nakula hotelini kwa uma na kisu.

Leo, nikiwaeleza vijana wangu kwamba programu ilikua kwa namna hiyo, toleo baada ya toleo, kama mtoto anayeota meno, wananitazama kwa heshima ya kunivumilia. Wao huamka na kukuta imejibadilisha yenyewe. Hawajui kulisubiri toleo posta. Mimi lile la tatu nililisubiri kama barua ya mchumba, kwa sababu tulikuwa tumeandikiwa kwamba kikasha chake ni kikubwa mara nyingi, na mimi na Mzee Sudi tulikuwa na orodha nzima kichwani ya maneno yaliyokuwa nje yakingoja nafasi.

Lilifika mwanzoni mwa masika, pamoja na barua. Marafiki wa Ulaya walitupongeza, na wakasema huo ndio msaada wa mwisho. Ushirika ujitegemee sasa, kama siasa yetu ilivyosema. Ndugu Kasubi aliitisha mkutano ukumbini, kwenye mkeka ule ule. Alikuwa na jasho tangu kufungua kikao. Alisema fedha hazitoshi mishahara ya wote, akasema hili si neno lake, ni hali. Halafu akanigeukia. "Ndugu Maganga, umelijaribu toleo jipya?"

"Nimelijaribu."

"Linafanya nini?"

Nikaeleza. Mtu akiniuliza kazi yangu siwezi kujizuia, na sioni kwa nini nijizuie. Nikasema linamwaga maneno kurasa zote kwa mbofyo mmoja. Linazungusha maneno kandokando ya picha, picha yenyewe inakaa humo humo, hakuna kubandika. Nilimwona Nassoro akiacha kuchezea kofia yake.

"Sasa kwa toleo hili," alisema Ndugu Kasubi, na akawa anaangalia karatasi isiyokuwa na kitu, "kazi yote ya kupanga, mpaka ifike kwenye mashine, inahitaji watu wangapi?"

Watu wote walinitazama. Ningeweza kusema wanne. Ningeweza kusema wawili, na mmoja akawa Mzee Sudi. Lakini nilikuwa nimeulizwa mbele ya watu kama naweza, na kuna jibu moja tu ambalo nimewahi kulijua.

"Naweza peke yangu," nikasema.

Kuku wa Bi. Mwamvua wakaingia, wakadonoa ukingoni mwa mkeka, na hakuna aliyewafukuza. Aliyesimama ni Mzee Sudi. Akavuta kanzu yake, akasema kwa sauti ile ile ya kumsifia babu yake, "Kijana amesema kweli. Anaweza. Nimekaa naye mwaka huu, namjua. Mwenyekiti, andika hivyo, na jina langu ulitangulize kwenye orodha ya wanaoondoka, nisije nikabakizwa kwa huruma." Mpaka leo nikilipima jibu langu naliona ni la kweli, herufi kwa herufi. Angekuwepo mtu mwingine wa kunipima siku ile, angekuta sikuongeza hata nukta.

Jioni aliingia chumbani. Alivua viatu kama kawaida lakini hakukaa kwenye stuli. "Maneno yetu umeyahamisha?"

"Hayahami, Mzee. Toleo jipya halikisomi kikasha cha zamani. Nimejaribu kila njia."

"Yote?"

"Yote."

"Hata Tabora?"

"Hata Tabora."

Akacheka kidogo, kwa pua. Akaweka kiganja juu ya kompyuta, mahali inapopata joto, kama mtu anayempima mtoto homa. "Haya, ifundishe tena. Umesema unaweza." Akatoka, na nikasikia viatu vyake vikivutwa na kuingia miguuni, kimoja, kisha kingine. Sikumfuata. Nilidhani kesho atapita.

Hakupita. Nassoro akaenda kununua tumbaku na shemeji yake, wengine wakatawanyika, herufi za risasi zikauzwa kwa kilo. Ukumbini ikabaki mashine na mwendeshaji wake, ambaye alikuwa mgumu wa masikio na anakaa nyumba ya tatu, akila kwake. Na kweli niliweza. Nataka hilo lieleweke. Mwezi ule nilitoa kazi kuliko walivyowahi kutoa wote pamoja, nikafundisha toleo la tatu maneno upya, nikiyatamka mwenyewe kwa sauti katika chumba kile, nyu-mba, Mu-ngu, nikisikiliza mdomo wangu unabaki wazi wapi. Wakati mwingine nilikosea makusudi nione kama kuna atakayenibishia.

Lakini siku ile ya kwanza ya kubaki peke yangu nilifanya kazi mpaka nikahisi tumbo linaniita, nikatega sikio. Nilitega muda mrefu. Mwishowe nilitoka uani, nikamkuta Bi. Mwamvua anafua. "Shikamoo, Bibi." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu," akaendelea kukamua shuka. Akasema bila kunitazama, "Kuni ni ghali, Maganga. Chungu cha mtu mmoja hakiinjikwi." Nikamwambia najua, wala sikuja kwa hilo. Nikavaa viatu, nikashika njia ya stesheni, mahali palipokuwa na hoteli ya meza za mabati. Nikakaa kwenye kona. Kijana wa hoteli akaniuliza, "Mko wangapi?" Nikamwambia. Akaleta sahani moja, kijiko kimoja, akafuta upande wangu tu wa meza. Wali, maharage, na chai ya rangi: shilingi thelathini na tano.